Bastola Yangu Juu ya Chano cha Pepo

Nina miaka sitini na tatu, na duka la leso za kina mama la Biashara Street ni langu, si la kurithi. Nilizaliwa Majengo katika nyumba ya udongo. Skuli niliiacha darasa la tatu nikabeba majora ya nguo ya watu begani. Wanaonijua wanajua sipendi kulialia. Lakini hili limenikaa kooni, na leo naliandika mlisome... mnicheke ama mnihurumie, shauri yenu.

Nilikuwa na mdogo wangu, Badi. Mama alipofariki nilimlea mimi, nikamsomesha hadi akapata ukarani bandarini. Fahari gani niliyokuwa nayo! Mimi nisiyejua barua ya Kiingereza, mdogo wangu anavaa tai!

Miaka ya tisini ilipoingia, Badi akaanza kubadilika. Akisema redio inamtaja jina. Akisema watu wa kazini wamemlipa mtu amtilie sumu. Kazi ikamshinda, nikamleta kwangu Mji wa Kale. Huko akawa hali chakula mpaka mke wangu, Zuhura, aonje kwanza. Mwanamke mwingine angenuna. Zuhura alikuwa akimega tonge, anatia kinywani, anamwambia, "Tazama, shemeji, naonja mimi kwanza." Hapo ndipo Badi alipokula.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akanieleza waziwazi kuwa ni maradhi ya akili, kwamba yana dawa, na kwamba vidonge asivikose hata akijiona mzima. Kisha akaniuliza kama nyumbani kuna silaha.

Ilikuwako. Wezi walipotuvunjia duka niliomba leseni ya bastola, nikapewa. Afisa aliniuliza duka liko wapi na lina mali gani. Naishi na nani, hakuuliza! Daktari alinitaka niirudishe kituoni. Nikamwambia nitaifungia kashani, inatosha. Ukweli ni kuwa niliona haya... mfanyabiashara mzima nirudishe bastola kwa sababu ya vidonge vya mdogo wangu? Watu wa barazani wangesema nini? Nikaitia kashani na risasi zake ndani, maana nilikuwa nikijigamba kuwa bastola tupu ni nyundo tu. Ufunguo nikauvaa shingoni.

Na vidonge vilifanya kazi, wallahi! Badi akanenepa, akawa anakuja dukani kunikunjia leso na kutaniana na wateja. Bibi mmoja alimwambia sasa anafaa aozwe mke. Badi akajibu, "Nitafutie hata asiyejua kupika, bibi. Mpishi tunaye nyumbani." Zuhura alipohadithiwa alicheka mpaka akakaa chini.

Ndipo dada yetu mkubwa, Mwanaisha, akaingia kati. Tangu mwanzo alisema yale si maradhi, ni pepo, na vidonge vinamuudhi huyo pepo. Mimi nilimkatalia katakata. Akanyamaza... kumbe angojea nisafiri!

Nilipokwenda Dubai kununua mali, ufunguo nilimwachia Zuhura. Mke niliyeanza naye sina kitu, ningemwachia nani mwingine? Nikamwambia kasha lisifunguliwe hata nyumba ikiwaka moto.

Yaliyofuata nilihadithiwa na majirani waliokuwapo. Mwanaisha alimwachisha Badi vidonge, akamwita fundi wa kupunga pepo. Ngoma ikapigwa uani mchana, ubani ukafuka, pepo akapanda. Mnaijua desturi. Pepo akishapanda huulizwa anataka nini, na anachotaka hupewa, ili amwache mgonjwa kwa amani. Kuna anayetaka kanzu, kuna anayetaka pete, kuna anayetaka mkuki. Huyu, kwa kinywa cha ndugu yangu, alitaka halua, kahawa... na bastola iliyo kashani!

Zuhura alikataa. Alisema ufunguo ni amana ya mumewe. Mwanaisha akamwambia mbele ya watu wote, "Wifi, mgonjwa ni ndugu yangu, si wako. Akifa kwa choyo chako cha ufunguo, mumeo utamwambia nini?"

Akautoa.

Wakaiweka bastola juu ya chano cha mbao, baina ya halua na kikombe cha kahawa, wakaifunika leso mpya ya duka langu. Hakuna aliyefikiri kutoa risasi, wala aliyejua zinatolewaje. Zuhura mwenyewe ndiye aliyekibeba kile chano. Akapiga magoti mbele ya Badi, akamega halua kama kawaida yake.

"Tazama, shemeji, naonja mimi kwanza."

Badi akafunua leso, akaishika bastola, akampiga risasi kifuani. Kisha akairudisha palepale chanoni, akakaa, akauliza mbona ngoma imenyamaza.

Nilirudi nikakuta kaburi. Hata kumzika sikumzika!

Mwanaisha hapunguzi neno. Ati pepo alikasirika, ati ngoma haikukamilika. Nilimjibu mara moja tu. "Pepo wako hakuomba leseni polisi, dada. Niliyeomba ni mimi." Tangu siku hiyo hatusemi, na kwangu hakanyagi.

Badi korti ilimwona hana akili timamu, akapelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili huko bara. Nikipata nafasi hupanda garimoshi kwenda kumtazama. Vidonge vimemrudisha nusu. Ameambiwa alichofanya, lakini hakimkai akilini. Kila nikifika huniuliza, "Kaka, shemeji mbona haji?"

Nimjibu nini mimi? Humwambia hajambo, anakusalimu. Nikimpa halua haipokei, hunitazama tu. Basi namega mimi, naonja kwanza... ndipo naye anakula.

Wenzangu, ukiwa na mgonjwa wa akili nyumbani, mpe dawa zake na umlinde na wanaojifanya kujua zaidi ya daktari. Na kama una bunduki ama bastola, usiniambie habari ya kasha! Kasha lina ufunguo, na ufunguo huachiwa mtu, na mtu hubembelezwa, hutishwa, huaibishwa mbele ya watu mpaka akautoa. Irudishe kituoni. Irudishe mchana, upite nayo hapo barazani, wacha wakucheke.

Mimi niliogopa kuchekwa na wale watu. Hawakunicheka. Nilipokuwa Dubai, wao ndio waliolibeba jeneza la mke wangu.