Bawabu Anayenusa Chuki

Mtu wa kwanza kukataliwa na Bawabu hadharani alikuwa mwanamume mnene aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi, mkononi kashika kapu la machungwa. Alipanda jukwaani akitabasamu, akasimama mbele ya mlango wa maonyesho uliojengwa katikati ya ukumbi wa Raskazone, akapiga hodi. Kifaa hicho cha Bawabu, kidogo kama kisahani cha kikombe, kikawaka manjano juu ya fremu. Kikavuta pumzi yake kupitia matundu membamba. Kikasikiliza mapigo ya moyo wake kupitia bamba alilolikanyaga. Kikapima joto la mashavu yake. Kisha taa ikageuka nyekundu, na sauti ya kike, laini kama ya mtangazaji wa redio, ikasema, "Samahani. Hujaja kwa nia njema."

Nyuma ya mlango alikuwa ameketi mshirika wake wa zamani wa biashara, waliyeachana naye kwa maneno makali. Yule bwana alijua anakwenda kumwona nani. Asichokijua ni kwamba ukumbi mzima ungejua anavyojisikia. Tabasamu likamtoka, akaanza kutukana, lakini mwenziwe ndani hakusikia hata neno moja, kwa sababu Bawabu akishamkataa mtu humeza na sauti yake. Watazamaji wakalipuka kwa makofi.

Mhandisi mkuu wa kampuni ya Kizingiti na mama wa uvumbuzi ule, Sikudhani Shekilindi, alisimama pembeni amekunja mikono.

"Umeona?" alimwambia Singano, fundi wake. "Bila Bawabu huyu angeingia, akala, akanywa, akachekeana na mwenyeji, kumbe moyoni kabeba kisu."

"Na machungwa je, bosi?" Singano aliuliza. "Maana machungwa kayaleta kweli."

"Danganya toto," Sikudhani alijibu.

Mvua za masika zilipoanza, ilikuwa vigumu kupata mtaa wa Tanga usiokuwa na Bawabu. Watu walikipenda kifaa kile kwa pupa, kama mtu aliyengoja miaka kuambiwa kwamba alivyokuwa akishuku ndivyo ilivyo. Mama mkwe alikataliwa mlangoni kwa binti wa watu, uchumba ukavunjika siku hiyohiyo. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi tangu utoto walikoma kutembeleana, kila mmoja akihofia taa nyekundu mbele ya macho ya mtaa. Wengine walimeza vidonge vya kutuliza moyo kabla ya kwenda kumjulia hali mgonjwa. Matapeli ndio waliopita bila taabu, kwani tapeli hana chuki na mtu anayemwibia. Moyo wake hutulia kama maji ya mtungini.

Singano alileta malalamiko hayo kazini mara kwa mara. Sikudhani alimsikiliza kwa subira ya mtu aliyekwisha kuamua. "Kifaa hakimfukuzi mtu," alikuwa akisema. "Kinasema kweli tu. Mwenye nyumba ndiye anayeamua kufungua au kutofungua."

Yeye mwenyewe alikuwa na sababu yake. Miaka ya nyuma mama yake alipougua, Sikudhani alimpelekea roboti muuguzi, toleo bora kabisa la wakati ule, lenye mikono ya mpira laini na lisilochoka. Aliyemwogesha mama, akamlisha, akamgeuza kitandani, alikuwa Mwajabu, mke wa mdogo wake Hoza. Roboti lilisimama pembeni likiwa limefunikwa shuka, kwa kuwa mama alikataa kuguswa nalo. Siku ya matanga Mwajabu alisema mbele ya wanawake wote, "Mwenzetu alileta mashine." Tangu hapo wifi hao wawili hawakupikika chungu kimoja. Sikudhani alimzuia Mwajabu kwenye simu, na Hoza, aliyewapenda wote wawili, akawa anakuja kumwona dada yake peke yake.

Jumamosi moja, baada ya adhuhuri, Sikudhani alikuwa sebuleni akinywa chai, taa ya Bawabu ikawaka. Akatazama kiwambo cha ukutani. Mwajabu alikuwa amesimama kizingitini, khanga imemteleza kichwani, midomo ikienda mbio bila sauti. Taa ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee, rangi ambayo Sikudhani aliiona mara chache hata maabarani.

Mwajabu alipiga mlango kwa kiganja. Akavua ndara, akapiga nayo. Akazunguka dirishani, akarudi, akaupiga tena. Mwishowe akaegemeza paji la uso kwenye mbao, akakaa hivyo kitambo.

"Kaja kunisimanga," Sikudhani alijisemea. Mkono wake ulikuwa karibu na kitufe cha kufungulia. Aliurudisha kwenye kikombe. Mwajabu alipoondoka, Sikudhani alihisi raha fulani kifuani, raha ya mtu aliyeshinda kesi bila kwenda mahakamani.

Asubuhi iliyofuata binamu yake Semboja alimpigia simu.

"Uko wapi wewe?" alifoka. "Hoza ametutoka alfajiri. Kaanguka jana kazini, akapelekwa hospitali, anakuulizia wewe tu. Mwajabu si alikufuata?"

Sikudhani alikaa chini, palepale sakafuni.

Njia nzima kwenda Makorora, kwa Hoza, alikuwa akipiga hesabu za kihandisi, kwa sababu hicho ndicho kitu pekee alichojua kukifanya akiwa na hofu. Uchungu na chuki, aliwaza, huacha alama zinazokaribiana kwenye jasho. Bila shaka kifaa kilichanganya. Kama kilichanganya, basi ni kasoro, na kasoro hurekebishwa. Alilishika wazo hilo kama mtu anayezama anavyoshika ubao.

Nyumba ya Hoza haikuwa na Bawabu. Mlango ulikuwa wazi na viatu vimejaa kibarazani. Alipoingia uani, wanawake waliokuwa wakichambua mchele walimpa mgongo. Hakuna aliyemwambia karibu. Mwajabu alitoka chumbani, macho yamevimba, akasimama mbele yake.

"Umefika," alisema.

"Wifi, sikujua. Wallahi sikujua. Ungesema..."

"Nilisema mpaka koo likanikauka. Nilikiona kivuli chako dirishani."

"Kifaa hakipitishi sauti. Kilinionyesha umekuja na chuki. Lakini kilikosea. Ulikuwa na uchungu, kikadhani ni chuki. Nitakirekebisha, Mwajabu. Nakuahidi nitakirekebisha."

Mwajabu alimtazama kama anayemtazama mtu mgeni.

"Hakikukosea," alisema. "Nakuchukia, Sikudhani. Kutoka hospitali mpaka kwako nilikuwa nakutukana moyoni, tusi juu ya tusi. Lakini Hoza alisema, 'Niitieni dada yangu.' Nikavaa ndara, nikaja. Ungetaka nije nikikupenda? Ningefika lini?"

Hapakuwa na kasoro ya kurekebisha.

"Alisema nini mwishoni?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Aliuliza kama umefika. Nikamwambia uko njiani. Nilimdanganya mume wangu akikata roho. Kwa ajili yako."

Mwanamke mmoja akaguna. Mwingine akasema kwa sauti ya kutosha kusikika, "Afukuzwe huyo." Sikudhani aligeuka kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" Mwajabu alimzuia. "Wameshamkafini. Wanatoka naye baada ya adhuhuri. Ingia ukamuage ndugu yako."

"Umesema unanichukia."

"Ndiyo. Ingia."

Chumba kilijaa. Nafasi pekee iliyobaki mkekani ilikuwa ubavuni pa mjane, na hapo ndipo Sikudhani alipoketi, bega kwa bega naye. Walimfunulia uso wa Hoza. Alimtazama mtoto yule aliyembeba mgongoni akiwa mdogo, akalia hatimaye, na hakuna mkono uliomgusa kumfariji.

Wanaume walipoingia kulichukua jeneza, Mwajabu alisimama, akapiga hatua moja, akayumba. Sikudhani alimdaka kiunoni kabla hajafika chini.

"Niache," Mwajabu alisema kwa meno yaliyoumana. "Usinishike wewe. Niache."

Sikudhani aliuhisi mwili wa mwenziwe umekakamaa kwa kumkataa, kuanzia mabegani mpaka vidoleni. Nje takbira zilikuwa zikisogea mbali. Akaukaza mkono wake, akaendelea kumshika.