Saruni kwa Aliye Choo cha Mwisho

Bi Zabedah aliuliza kama kuna mtu, akajibiwa, "Yupo."

Hilo peke yake halikuwa ajabu. Kazi ya kusafisha choo cha wanaume, ukiwa mwanamke, huanzia mlangoni: unaweka kibao cha njano, unasimama na dekio lako umeuangalia ukuta, unaita mara tatu, "Kuna mtu?" Wapo wanaojibu, wapo wanaokohoa, na wapo mabwana wasiojibu kitu, ila wanatoka wamenuna wakifunga zipu mbele yako utadhani wewe ni ndoo. Bi Zabedah alikuwa na miaka kumi na moja kwenye kazi hiyo, katika kituo wanachopumzikia abiria wa mabasi yanayoshuka kutoka mji wa Gua Musang kwenda Kuala Lumpur, na kusubiri alikujua. Akasubiri dakika kumi nzima. Hakutoka mtu. Akaita tena.

"Yupo," ikasema ile sauti, sauti ya mzee, taratibu. "Nguo, mwanangu. Nipe nguo."

Dekio likamponyoka. Maneno hayo alikuwa ameyasikia mara moja tu maishani, na aliyeyasema alikwishazikwa, siku ya kumi na mbili hiyo.

Tuseme lililotokea, maana yeye mwenyewe hakulisema lote. Siku ile basi la saa kumi lilipiga honi likaondoka, naye akadhani abiria wote wamepanda. Alitaka amalize mapema awahi alasiri. Akaingia bila kuita. Mara hiyo moja tu, katika miaka kumi na moja.

Mbele ya sinki alisimama mzee mmoja, jina lake Deraman, uchi wa mnyama, anafua saruni yake. Safari ilikuwa ndefu, tumbo lilimshinda humo humo ndani ya basi, na alikuwa akihangaika kujisafisha kabla watu hawajajua. Aligeuka, akajifunika kwa viganja, na badala ya kufoka akasema kwa upole, "Nguo, mwanangu. Nipe nguo."

Bi Zabedah akapiga ukelele, akakimbia.

Wauzaji wa vibandani wakaja mbio wakidhani mama wa watu kaingiliwa na mhuni. Walipokuta ni mzee aliyejichafua, mmoja akacheka, mwingine akatoa simu akapiga picha. Mzee akajifungia choo cha mwisho. "Mwacheni, aibu imemshika," wakasema, wakarudi kwenye masufuria yao. Mlango ulikuja kuvunjwa magharibi imeshaingia. Alikuwa ameketi, moyo umesimama, mikono bado imefunika palepale ilipofunika. Mkoba wake wa nguo ulikuwa umefika Kuala Lumpur bila yeye.

Polisi walimuuliza Bi Zabedah kama mzee alisema lolote. Akasema hapana.

Sasa sauti ilikuwa inamwomba tena, naye safari hii hakukimbia. Ndani ya mkoba wake alikuwa na saruni ya marehemu mumewe, Jusoh, aliyozoea kujifunika akijilaza mchana. Akaisukuma chini ya mlango wa choo cha mwisho. Vidole vikaipokea. Vilikuwa virefu kupita kiasi, maji yanachuruzika kwenye kucha, lakini ngozi yenyewe kavu kama kuni.

"Ahsante, mwanangu."

Alipousukuma mlango, haukuwa umefungwa. Hakukuwa na mtu, wala saruni. Ilibaki harufu ya tope la mtoni iliyochanganyika na kafuri wanayopakwa maiti. Mwenye akili angeacha kazi siku hiyo hiyo. Bi Zabedah alirudi nyumbani akalala usingizi mzito, wa kwanza tangu mzee afe.

Basi ikawa kila siku baada ya adhuhuri. Ataita, atajibiwa, atatoa saruni. Jusoh aliacha saruni saba, ile ya mkobani na sita za sandukuni, bado zina harufu ya tumbaku yake, na mjane huyu alizitoa moja moja mpaka ile ya mirabaraba ya kijani aliyokuwa anaipenda kuliko zote. Sanduku likabaki tupu. Siku ya nane sauti iliomba, naye hana kitu.

"Baridi, mwanangu."

Akavua mtandio wake. Akasimama kichwa wazi ndani ya choo cha wanaume, mwanamke ambaye hata mlango wa nyumba yake hakufungua bila kujifunika, akaupitisha mtandio chini ya mlango huku analia.

Baada ya siku hiyo sauti ikanyamaza. Akadhani mzee ameridhika.

Wiki haikuisha, msimamizi wa kituo, Bwana Ganesan, akamwita ofisini.

"Mama, kaa. Nina malalamiko matatu hapa. Watu watatu mbalimbali, hawajuani. Wanasema wako ndani, wamechuchumaa zao, wakiinua macho wanakukuta juu ya mlango unawachungulia."

"Mimi?"

"Wanasema kichwa wazi. Nywele zimelowa. Na unacheka."

"Bwana Ganesan, nywele zangu hakuna mwanamume aliyeziona ila marehemu Jusoh. Jamani! Mimi ndiye ninayeita mlangoni. Mimi ndiye ninayeangalia ukuta!"

"Nakujua, Mama. Ndiyo maana nimekuita wewe kwanza. Lakini kuna dereva wa lori, mtu mzima na masharubu yake, katoka mle analia kama mtoto. Nikizipeleka hizi juu, jina lako litaandikwa pamoja na wachunguliaji wa waume za watu. Mpaka Jumatatu. Zaidi ya hapo siwezi."

Alitoka ofisini. Umaskini ameuzoea, upweke ameuzoea, lakini jina lake safi ndilo alilokuwa amebakiwa nalo.

Mwenzake Lastri, mama wa Kijava aliyekuwa anasafisha upande wa wanawake, alimkuta kwenye benchi la nyuma akamfungulia wali wa nazi kwenye jani la mgomba.

"Kula, dada. Wanaume hao waongo, nani atake kuona vitu vyao? Miaka yote tunavisafishia, havina jipya."

Bi Zabedah karibu acheke. Lakini Lastri alikuwa ameacha kutafuna. Alikuwa anatazama mlango wa choo cha wanaume, ng'ambo ya uwanja, na tonge lilikuwa limemganda mkononi.

"Dada," alinong'ona, "usigeuke. Wewe uko hapa na mimi, sivyo?"

"Niko hapa."

"Basi yule ni nani?"

Bi Zabedah aligeuka, na jua likiwa kali saa saba ile, watu wakila na redio ya kibanda ikiimba, alijiona mwenyewe akitembea kando ya ukuta, sare yake ile ile ya bluu, mtandio wake ameushika mkononi unaburuzika chini, nywele zimemnata mgongoni zikidondosha maji ambayo hayakuacha alama sakafuni, na yule Zabedah akafika mlangoni pa choo, akasimama pale anaposimama yeye, akainamisha kichwa kama anavyoinamisha yeye, akageuka polepole kuwatazama wote wawili, akatabasamu kwa meno marefu mno kwa kinywa kile, kisha akaingia bila kuita.

Ndani ya choo mwanamume alipiga yowe.

Lastri ndiye aliyemtafuta Ustadhi Lukman, kijana wa kijiji cha jirani aliyefundisha watoto Kurani asubuhi na kutengeneza pikipiki jioni. Alikuja Ijumaa baada ya sala, kucha bado zina grisi. Akasikiliza yote. Na safari hii Bi Zabedah akasema yote, pamoja na lile alilowaficha polisi.

"Wafu hawarudi kuomba nguo, mama," ustadhi alisema. "Huyu ni jini, na alikuwa humu kabla ya sisi sote. Alimsikia mzee, akayachukua maneno yake. Wewe ukamvalisha. Umempa saruni, akawa mzee. Umempa mtandio, akawa wewe."

"Nilidhani ni yeye. Nilidhani ananipa nafasi."

"Najua. Mimi nitasoma, lakini mkono uliompa ndio utakaomnyima. Nikikuashiria, mwambie huna nguo. Mara tatu. Atakavyolia, usimwonee huruma."

Bwana Ganesan, ingawa hiyo haikuwa dini yake, alifunga choo kwa mnyororo akasimama nje amevua viatu. Ndani, ustadhi alianza kusoma. Mabomba yote yakaanza kutoa maji yenyewe. Harufu ya tope ikajaa mpaka machozi yakawatoka.

"Kuna mtu?" Bi Zabedah aliita, kama alivyozoea.

"Yupo, mwanangu. Nguo."

Ustadhi akaashiria.

"Sina nguo."

"Mwanangu, watu wanakuja. Watanicheka."

Akashika ukuta. "Sina nguo," alisema tena, na hapo mlango wa choo cha mwisho ukaanza kutetemeka, vidole vile vikavu vikashika ukingo wa juu kimoja baada ya kingine, na kichwa kikapanda polepole, nywele zake, paji lake la uso, macho yake mwenyewe yaliyovimba kwa kulia, uso wake wote ukimtazama kutoka juu kama wale wanaume walivyotazamwa, na katika kinywa chake mwenyewe ikatoka sauti ya mzee Deraman ikimwomba, kwa jina la mama yake aliyemzaa, asimwache vile, asimwache uchi mbele za watu, kipande tu, kitambaa tu, chochote.

"Sina," alisema Bi Zabedah. "Sina nguo."

Mabomba yakakauka. Mlango ukafunguka wenyewe, ndani hamna kitu. Lastri nje akasikika akimshukuru Mungu kwa sauti. Bi Zabedah alikaa kwenye sakafu iliyolowa akalia kilio cha msibani, kwa sababu moyoni mwake alikuwa amemkimbia mzee yule mara ya pili.

"Amenisamehe, ustadhi?"

"Nani, mama? Yule hakuwa mzee. Msamaha wa mzee uko kwa watu wake. Nenda kwao."

Jumapili alipanda basi. Mjane wa Deraman, Bi Sepiah, alikuwa anaishi peke yake kwenye nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo, na alimpokea mgeni kwa furaha hata kabla ya kujua ni nani. Alikuwa amepika samaki wa mtoni kwa tempoyak, duriani iliyochachushwa, chungu kikubwa kuliko tumbo la mtu mmoja.

Bi Zabedah hakugusa chakula. Alieleza. Kwamba yeye ndiye aliyeingia bila kuita, yeye ndiye aliyepiga kelele, na kwamba mzee alimwomba nguo naye hakumpa.

Bi Sepiah akasogeza sahani kando. Kisha akaweka mkono juu ya goti la mgeni wake.

"Wewe mwanamke, umemkuta mwanamume uchi. Ungefanya nini? Hata mimi mkewe ningepiga kelele, na yeye angenicheka mwaka mzima." Akafuta macho kwa ukingo wa saruni. "Nimekusamehe, dada. Hilo lisikuue."

Bi Zabedah akambusu mikono. Alihisi kifua kimefunguka, kwa muda mfupi tu.

"Halafu alikuja kuniaga," Bi Sepiah aliendelea, na uso wake ulikuwa na haya ya msichana. "Usimwambie mtu, watasema nimechanganyikiwa. Karibu wiki mbili. Kila magharibi anasimama pale chini, kwenye mtungi wa kunawia miguu. Haongei. Anavaa saruni safi, leo hii, kesho ile. Ninamwekea sahani, asubuhi naikuta imeoshwa."

Bi Zabedah alitazama mtungi ule. Kwenye kamba ya nguo kando yake ilining'inia saruni ya mirabaraba ya kijani.

"Si yeye," alisema kwa taabu. "Dada, si yeye yule."

"Najua si yeye. Mume wangu hakuwahi kuwa na saruni ya kijani. Miaka arobaini nimemfulia, nisijue?" Bi Sepiah alitazama chungu chake. "Lakini anasimama kama yeye. Anakohoa kama yeye. Mimi hapa sina mtoto, sina mtu. Tangu Ijumaa hajaja, na sijui nimemkosea nini. Labda chumvi."

Kuku walikuwa wanaparua chini ya nyumba. Bi Zabedah angeweza kunyamaza. Alikwishanyamaza mara moja, mbele ya polisi, na alijua yaliyomfika.

"Hujamkosea. Mimi ndiye niliyemfukuza. Ijumaa."

Mjane akainuka, akaingia ndani. Bi Zabedah alisikia sanduku likifunguliwa. Alipotoka alikuwa amebeba saruni ya Idi, mpya, nyuzi zake zinameremeta, haijavaliwa hata mara moja.

"Hii ni yake kweli," Bi Sepiah alisema. Sauti ilikuwa tulivu, machozi yanamtiririka bila kuyafuta. "Lile la kwanza nimesema nimesamehe, sirudi nyuma. La pili hili hukuniuliza. Kampe."

"Dada, ni jini."

"Basi la kurudi linapita saa tisa. Ukiliwahi, atakula hapa leo."

Bi Zabedah alinyoosha mikono yote miwili, akaipokea.