Pasi ya Nne

Mwanamkasi ndiye aliyemkuta. Alfajiri ya Jumamosi alifika kazini, kiwanda cha Mzee Hashim pale Mtopanga kinachofulia hoteli za Shanzu, akabonyeza swichi, taa zisiwake. Akamulika kwa simu. Mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi, na Tsuma, mlinzi, alilala kifudifudi katika maji, kiganja kimeungua.

Inspekta Nyamvula alipofika, mitambo ya kompyuta ilikuwa bado ikidondosha maji. Alikwisha kuona maiti nyingi, ila alipomgeuza Tsuma na kumwona macho wazi, kama mtu aliyeitwa ghafla, alilazimika kutoka nje kidogo apate pumzi. Aliporudi, aliiona ndoo tupu nyuma ya mlango. Mtu alimwaga maji kusudi. Tsuma akaingia kutazama, stima ikamnasa.

Kila mtu alimtaja Munga, mpiga pasi aliyeachishwa kazi Alhamisi kwa kuwa kompyuta ilimwonyesha mzembe. Aliondoka akiapa kwamba mitambo ile haitadumu. Wa kwanza kumtaja alikuwa Jalila, bintiye Hashim, huku akilia. Ndiye aliyemshawishi babake auze shamba la urithi la Likoni wanunue kompyuta, kazi iongezeke maradufu. Na Jumamosi hiyo hiyo wakaguzi wa hoteli walikuwa waje kuzithibitisha takwimu za kompyuta hizo kabla ya kuwapa kazi kubwa zaidi.

Kufikia adhuhuri Munga alikuwa mahabusu. Hakukana kuapa. Alisema tu kuwa usiku ule alikuwa kwake Frere Town akiuguza mtoto.

Nyamvula hakuridhika. Ni nani aliyezima stima? Swichi kuu ilikuwa ndani ya ofisi ya Hashim, na ofisi ilikutwa imefungwa. Hashim, aliyerudi mbio kutoka harusini Malindi, alidhani imejizima yenyewe. Fundi wa stima akaikagua, akasema ni ya kizamani, haishuki mpaka ishushwe kwa mkono.

Aliyeishusha alikuwapo Tsuma aliponaswa, na hakuita mtu. Basi aliyemwaga maji ndiye aliyekimbilia kumwokoa Tsuma. Na alikuwa na ufunguo.

Nyamvula akaingia ukumbi wa pasi. Mashine zilipangwa mstari mmoja, lakini ya nne haikuwapo. Zilibaki alama za miguu yake sakafuni. Mwanamkasi alimweleza kuwa iliharibika Jumatatu, ikapelekwa Changamwe kwa fundi. Inspekta akamuuliza walijuaje nani kafanya kazi kiasi gani. Bi Mwanamkasi akamfungulia simu: kila jioni Jalila huwatumia wafanyakazi picha ya takwimu za siku. Ya Ijumaa ilisema pasi ya nne imenyoosha shuka mia sita.

Nyamvula aliisoma tena. Kisha akaomba simu ile aende nayo.

Baada ya alasiri aliwaita baba na binti ofisini.

"Mzee wangu, ofisi hii ina funguo ngapi?"

"Mbili. Wangu nilikwenda nao Malindi. Wa pili anao Jalila."

Inspekta akaiweka simu mezani. "Jalila, mashine iliyoko Changamwe imenyoosha vipi shuka mia sita hapa Mtopanga?"

Hashim akaanza kusema kwamba kompyuta nazo hukosea. Jalila akamshika mkono anyamaze, kisha akaeleza yote kwa sauti kavu. Tangu mitambo ifike, watu walishinda wakigusa vioo vya kompyuta kuandika kazi yao huku nguo zikingoja. Aliona haya kumwambia baba, akaanza kuongeza takwimu. Ili ziaminike, wengine ilibidi waonekane hodari, na mwingine mvivu. Ndipo Munga akatolewa kafara. Wakaguzi wangeyagundua hayo kwa saa moja. Akaona afadhali mitambo ife.

"Nilisikia Tsuma akija, nikajibanza ukumbini," alisema. "Nikamwona anaingia. Nikamwona anaanguka. Nilikimbia kuzima stima, wallahi nilikimbia, afande. Nilipomgusa alikuwa keshakwenda."

"Na asubuhi ukamtaja Munga," Nyamvula alisema.

Jalila akauweka ufunguo wake mezani.

Nyamvula akapiga simu kituoni Munga aachiliwe. Hashim hakuwa akisikiliza. Alikuwa amekaa wima, akimtazama bintiye kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Mwanangu," alisema hatimaye, polepole, "lile shamba la babu yako... kazi iliongezeka hata kidogo?"

"La, baba," Jalila akajibu. "Hata shuka moja."