Amelala Saa Kumi Jioni

Siku ile sokoni Bariadi, tukubaliane tu, mjinga alikuwa Muksini. Alimwona dada mwenye dera la zambarau na raba zenye tope amemwelekezea kamera. Papo hapo akafunga kifungo cha shati, akaegemea marobota ya vitenge mlangoni pa duka lake, akatabasamu meno yote.

"Kaka, sogea kidogo," dada akasema. "Unanizibia wingu."

Kweli nyuma yake lilikuwepo wingu la mvua, jeusi, limeinama juu ya malori ya pamba. Wauza nyanya walicheka hadi wakasahau wateja. Muksini akasogea, kisha akaomba namba ya simu; aliyekwisha kuchekwa hana cha kupoteza.

Dada huyo, Zamda, alipiga picha za harusi apate kula, na picha za vilima na mawingu apate usingizi. Muksini alimtania kwamba kwao kilima kikubwa ni kichuguu, heri amnunulie turubai la studio lenye mlima na theluji yake kabisa. Zamda akamuuliza kama na yeye angependa kuoa picha. Basi wakazoeana hivyo, kwa kuchokozana. Pamba ilipoisha shambani, posa ya Muksini ilikuwa imekwisha kupokelewa.

Ndipo kampuni moja ya kalenda ya Arusha ikamwita Zamda apande Mlima Meru pamoja na wapiga picha wenzake. Atakayeleta picha nzuri za kileleni ataajiriwa kuzunguka milima yote ya nchi. Shangazi Rahma, aliyemlea Muksini, akatamka kwamba mchumba wa mtu halali milimani. Zamda akafunga begi.

"Utarudi?" Muksini alimuuliza stendi.

"Nitarudi na picha."

"Nakuuliza wewe, si picha."

"Mimi narudi tu, laazizi. Utamchokoza nani nisiporudi?"

Siku ya tatu, saa kumi jioni, Muksini akampigia. Ikapokea sauti nzito ya kiume.

"Zamda amelala."

"Wewe nani?"

"Athanasi." Mtandao ukakatika.

Bariadi, anayelala saa kumi jioni ni mgonjwa, au mtu aliyekesha kwenye mambo yake. Muksini akachagua hilo la pili. Akamsimulia shangazi palepale dukani, wateja wakisikia, na kabla ya magharibi ujumbe ulikuwa umefika kwa kina Zamda: posa imetenguliwa.

Athanasi, masikini, alikuwa mpishi wa msafara. Simu zote zilichajiwa jikoni kwake. Na wapanda Meru hula mapema, wakalala jua likingali linawaka, maana usiku wa manane wanaianza safari ya kukutana na alfajiri kileleni. Alfajiri ile Zamda alisimama huko juu, betri za akiba amezificha kifuani zisife kwa baridi, vidole vimekufa ganzi hadi akabonyeza kamera kwa kifundo. Kilimanjaro ikatokeza juu ya mawingu, nyekundu. Akaipata.

Kazi ikawa yake. Habari ya posa kutenguliwa, pamoja na sababu yake, ilimkuta akiteremka. Hakulia, alipiga simu.

"Muksini, huku tunalala mchana tupande usiku. Yule mpishi ni rika la baba yako. Ungeuliza neno moja tu zaidi."

"Nisamehe, Zamda."

"Kwa simu sisamehi. Ulinivunjia heshima dukani, nakuja uitengeneze hukohuko dukani."

Zamda aliingia dukani na koti lenye vumbi, pua imebabuka kwa jua na baridi. Akamwamkia shangazi kwa adabu zote. Muksini akasimama mbele ya wateja, akasema kosa ni lake, posa iko palepale, na mkewe milima haachi. Ikibidi atambebea begi yeye mwenyewe.

Shangazi Rahma akavuta mtandio. "Mwanaume gani anaoa mwanamke anayelala huko siku nne, simu hapokei, na hujui yuko na nani?"

Zamda akatua begi taratibu.

"Shangazi, huyu akifuata mzigo Kariakoo analala huko wiki nzima, na simu hapokei. Nilipoikubali posa yake, mbona hukuniuliza ni mwanamke gani anaolewa na mwanaume wa namna hiyo?"