Maneno Ambayo Mkunga Hakuyaandika

Siku mkunga alipokwenda kuukagua ukumbi, aliukuta umefurika watu wa mkutano mwingine. Katika kubanana na kupishana akakanyaga waya, na spika zote zikazimika. Fundi wa sauti, mwanamume mrefu mwenye shati la kijivu lililokunjwa mikono, akainua kichwa kutoka kwenye mitambo yake.

"Dada, umemnyamazisha mheshimiwa," alisema. "Wengi humu watakushukuru."

Mkunga akacheka, aibu ikamtoka. Akaeleza kilichomleta: baada ya mwezi mmoja angehutubia humo humo, kwenye sherehe ya wodi mpya ya wazazi, na hotuba yote alikuwa ameshaiandika isipokuwa mwisho.

"Mwisho ndio hotuba yenyewe," fundi alisema. "Miaka kumi na miwili nawasikiliza. Mtu anazungumza vizuri kabisa, halafu anasema 'sina la ziada'. Watu wanaanza kutafuta funguo za gari. Wewe sema sentensi moja ya kweli, kisha shuka."

"Nikiikosa?"

"Nipigie simu."

Akapiga. Kesho yake akapiga tena, na keshokutwa hakukuwa hata na sababu.

"Nimeupata mwisho," alimwambia asubuhi moja. "Sikiliza: kila mtoto ni ahadi."

"Hiyo ya kwenye kalenda, kipenzi."

"Una roho mbaya wewe."

"Nina masikio mazuri tu."

Wiki mbili hazikuisha, wakawa wanaitana 'wangu'. Fundi alikuwa mjane. Mkewe, mwalimu wa darasa la pili, alikufa kwa homa miaka mitatu nyuma. Alilisema hilo mara moja, kwa ufupi, na mkunga hakuchimba.

Siku ya sherehe mkunga alivaa gauni la samawati aliloazima kwa dada yake, limebanwa kiunoni kwa pini mbili. Alizungumza mbele ya watu mia nne bila kutetemeka. Sentensi ya mwisho ilikuwa kwenye karatasi, mbele ya macho yake. Alipofungua kinywa aisome, akasikia mtu akivuta pumzi karibu kabisa na sikio lake. Kisha akajisikia akisema, polepole:

"Mlango usiufunge. Nyuma yangu yuko mwingine."

Usiufunge, alisema, kana kwamba ukumbini alikuwamo mtu mmoja tu. Halafu watu wakasimama mmoja mmoja, wengine wakifuta machozi, na makofi yakaanza. Mkunga akamtafuta fundi kwa macho. Mitambo ilikuwa inawaka, kiti chake kitupu.

Siku tatu mkunga alimpigia, simu haikupokelewa. Ya nne, fundi akapiga mwenyewe.

"Nani alikuambia maneno yale?"

"Hakuna. Yalinijia tu."

"Usinidanganye. Mke wangu aliyasema hospitalini kwenu, nimemshika mkono. Tulikuwa wawili tu. Ulikuwa zamu, siyo? Ukasikilizia mlangoni, ukayaweka, sasa umeyatoa upigiwe makofi."

"Mwaka huo nilikuwa bado chuoni," mkunga alisema. "Na kama ndivyo unavyoniona, usinipigie tena."

Siku hiyo alizalisha mapacha wodini, macho yamemvimba kwa kulia.

Wiki ikapita. Mchana mmoja fundi akamngojea kwenye lango la hospitali, ndevu hazijanyolewa, amekonda.

"Sikuja kubishana," alisema. "Nataka usikie kitu."

Wakaketi kwenye benchi la bustani, kila mmoja na spika moja ya sikioni. Fundi akawasha rekodi ya hotuba kwenye simu yake, ikaenda hadi mwisho. Pumzi ikavutwa. Kisha zikaja sauti mbili: ya mkunga, na chini yake nyingine, nyembamba, ikimtangulia kidogo kwa kila neno, kama mwalimu anayewasomea wanafunzi imla.

Mkunga akaitoa spika sikioni. Vidole vyake vilikuwa baridi katika jua la saa sita.

"Kipaza sauti kilichokuwa wazi ni chako tu," fundi alisema. "Nimekagua mara ishirini. Ni yeye."

"Siku ile hospitalini, ulidhani anamaanisha nini?"

"Nilidhani ni homa inasema." Akafunika uso. "Nisamehe. Nilikutukana bure."

Mkunga akamrudishia spika. "Basi alikuwa anakupa habari zangu," alisema. "Unaniogopa?"

"Kidogo."

"Hata mimi najiogopa. Lakini sitaki ukae peke yako nyumbani na sauti hiyo."

Miezi mitano baadaye walisimama mbele ya msajili wa ndoa, katika chumba chenye meza moja na feni. Msajili alipomuuliza kama anakubali, mkunga hakujibu upesi. Alitega sikio, akangoja. Fundi akamkazia macho. Feni ilizunguka, zaidi ya hapo hapakusikika kitu. Ndipo mkunga akasema ndiyo, na sauti iliyotoka ilikuwa yake peke yake.