Vigingi vya Hegravik

Katika zama zile ambapo wakuu wa Norwei waligombea kiti kimoja cha ufalme, na samaki mkavu alitafutwa na wafanyabiashara wa kusini kama fedha, palikuwa na mji mdogo wa pwani ulioitwa Hegravik. Nyumba zake za magogo zilijibanza kati ya mlima na ghuba nyembamba. Juu ya miamba zilisimama chanja ndefu za kukaushia samaki, ambako ng'onda walining'inizwa kwenye upepo wa baridi hadi wakawa wagumu kama kuni.

Mlinzi wa mji huo alikuwa Torgils, mtu wa mabega mapana, aliyevaa joho la sufu ya kijivu lililobanwa kwa bizimu ya shaba. Baba yake aliuawa kwa shoka ndani ya kanisa, akiwa amepiga magoti, katika ugomvi wa koo mbili. Siku ya mazishi Torgils aliwaapisha wanaume wote: hakuna atakayeingia misani na silaha. Kila mmoja angetundika yake kwenye kigingi katika baraza la mbele la kanisa, na mtu mmoja angebaki hapo kuzilinda, silaha yake mkononi na kigingi chake kitupu. Kiapo kile kilizima ugomvi wa koo. Aliyekivunja alikuwa Hallkjell, binamu yake Torgils, aliyemchoma mvuvi kisu pale pale kanisani kwa sababu ya kugombea chanja. Mji ukamfukuza, naye akaondoka akiapa kurudi.

Ilipofika sikukuu ya Mtakatifu Olav, jua la kiangazi likiwaka juu ya ghuba, Gudny, dada yake Torgils, alimshika mkono barazani.

"Kaka, leo ingia na shoka lako. Wavuvi wameona merikebu ngeni nyuma ya kisiwa. Hallkjell amekulia hapa. Anajua wakati wa misa silaha zetu ziko wapi."

"Nikiingia nalo mimi, kesho kila mtu ataingia na lake."

"Na tukifa leo, hiyo kesho ataiona nani?"

Asmund, mdogo wao wa mwisho, ndiye aliyekuwa na zamu ya ulinzi. Akacheka huku akiegemea mkuki wake. "Dada, nenda ukasali. Mwombee Hallkjell apate akili. Hiyo ni kazi kubwa kuliko yangu."

Torgils akatundika shoka lake, akaingia.

Padri Sigvat alikuwa katikati ya somo pembe ya mlinzi ilipolia barazani, mara moja tu, kisha ikakatika. Mlango wa ndani ukavutwa kwa nguvu kutoka nje, ukafungwa. "Komeeni!" sauti ya Asmund ikapasuka. "Komeeni, nasema!" Watu wakasukuma komeo. Wakasikia chuma kikigonga chuma, kisha kikigonga mwili. Damu ikapenya chini ya mlango, ikatambaa hadi miguuni pa Torgils.

"Torgils!" Hallkjell aliita kwa furaha. "Mdogo wako amelala mlangoni, namwamsha hataki. Toka utambae kwa magoti, unikabidhi bandari. Ama niwachome humo? Naona kanisa mmelipaka lami juzi tu. Linanukia vizuri."

Watoto wakaanza kulia. Torgils alisimama akiitazama ile damu. Mikono yake ilikuwa mitupu, naye ndiye aliyeitaka iwe hivyo.

Gudny ndiye aliyekwenda nyuma ya altare. Huko lilikuwa limerundikwa fungu la kumi la kanisa, ng'onda warefu kama mkono wa mtu, wakingoja merikebu ya kwenda kwenye soko la Bergen. Akamshika mmoja mkiani, akampiga kwenye nguzo. Nguzo ikalia. Samaki hakuvunjika.

"Hao ni wa Mungu!" Padri akapiga kelele.

"Basi Mungu atukopeshe, Padri."

Moshi ukaanza kupenya kati ya mbao. Padri Sigvat akavua joho la misa, akalikunja vizuri, akachagua samaki mnene.

Wanaume nao wakachukua samaki, wakatoka pamoja na Gudny na padri kwa mlango mdogo wa padri, upande wa kusini, kimya kimya, wakazunguka ukuta. Washambuliaji walikuwa wamekusanyika mbele wakichochea moto. Torgils alimfikia wa kwanza na kumpiga usoni. Meno na damu vikaruka kwenye majani. Gudny alimvunja mwingine goti, akampiga tena alipoanguka. Padri alipiga huku akiomba msamaha kila pigo. Seremala mmoja akachomwa mkuki tumboni, akaushikilia kwa mikono miwili ili usimfikie mwingine, akafa hivyo. Ubapa wa samaki ukapasua fuvu, upanga ukakata vidole, na makaburi ya wazee wao yakalowa damu mbichi.

Torgils akajipenyeza hadi barazani. Akaruka mwili wa Asmund, akanyakua shoka lake. Aliyemkabili wa kwanza alikatwa shingo. Wa pili, kutoka begani hadi kifuani. Wengine wa Hegravik wakazifikia silaha zao, na waliosalia wa Hallkjell wakakimbilia merikebu. Moto ukazimwa kwa mchanga na majoho.

Hallkjell, upanga wake umevunjika, hakuiwahi njia ya baharini. Akajitupa ndani ya kanisa kupitia ule mlango mdogo. Wanawake, wazee na watoto waliokuwa ndani wakafungua komeo la mlango wa mbele, wakamwagika nje wakipiga mayowe. Torgils akabaki kizingitini, shoka likichuruzika damu, akimwona binamu yake amesimama mbele ya altare.

"Njoo nalo!" Hallkjell akamkejeli. "Si hapa hapa baba yako alipokatwa? Njoo, tuanze upya."

"Mmalize, kaka!" Gudny akalia, kichwa cha Asmund kikiwa mapajani mwake. "Mmalize!"

Torgils alimtazama mdogo wake. Kisha akageuka, akalitundika shoka kwenye kigingi chake, akaingia mikono mitupu.

Hallkjell alichomoa kisu kutoka kwenye kiatu. Kilipita katikati ya kiganja cha Torgils, kikatokea upande wa pili. Torgils hakurudisha mkono. Aliufunga juu ya mpini, akasukuma mbele, akampiga Hallkjell paji la uso hadi pua ikavunjika, kisha akamvunja mkono kwenye ukingo wa altare. Akamburuta kwa nywele hadi nje. Baraza la wazee wa mji likamhukumu Hallkjell, na merikebu ikampeleka mbali, wala hakurudi tena.

Gudny alimfunga kaka yake kidonda bila kumtazama. "Alikuwa mdogo wetu," alisema.

"Ndiyo. Amekufa akilinda vigingi hivi. Ningeingia na shoka, angekuwa amelinda nini?"

Gudny akakaza fundo la kitambaa. Kiganja kile hakikufumba tena, na Torgils hakushika tena shoka maisha yake yote.

Leo Hegravik ni mji wa nyumba nyeupe za mbao, na wageni huja kutazama ghuba na chanja ambako ng'onda bado hukaushwa. Majina ya wakuu waliogombea ufalme hakuna anayeyauliza. Lakini mvua ikinyesha, watu kutoka kila nchi huingia katika baraza la kanisa, na bila kuambiwa na mtu hutundika makoti yao kwenye vigingi, wageni kwa wenyeji, bega kwa bega. Kimoja tu karibu na mlango huachwa kitupu. Ni cha Asmund. Yuko zamu.