Uliishia Elfu Moja

"Huyo tasa wako bado yumo humo ndani?"

Sauti ya mama mkwe ilitoka kwenye spika ya simu ikajaa sebule nzima. Milioni alikuwa jikoni anaosha vyombo. Akafunga bomba asikie mumewe atajibu nini.

"Yumo, Mama."

Basi! Mwanaume mzima, mwalimu wa hesabu, akaishia hapo.

"Ijumaa tunakuletea mke. Mwambie mwenyewe."

Neno hilohilo, tasa, ndilo lililowakutanisha, wakiwa walimu wapya shule moja. Bwana aliazima kikokotoo cha binti, akakirudisha baada ya wiki, macho mekundu kwa kukesha. Mgongoni kilikuwa na namba ya kiwandani: 1,022,117.

"Hii ni namba tasa," alimwambia. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kama penzi langu kwako."

Akambandika jina Milioni. Binti wa watu akayeyuka. Walimu wa hesabu nao wana wazimu wao.

Sasa Milioni alitoka jikoni na kikokotoo kilekile, mikono ina povu.

"Mwalimu, hii namba uliijaribu mpaka wapi?"

"Milioni, si wakati wake."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka elfu moja. Nilijaribu namba tasa zote chini ya hapo, ikagoma."

"Ilibaki moja tu ya kujaribu. Elfu moja na tisa."

Akaigawanya kwa hiyo, akamsogezea kioo usoni. Jibu 1,013, bila baki.

"Juzi nimeimalizia. Wewe ulichoka, ukaitangaza tasa. Na mimi hospitali zote zimesema niko mzima. Amebaki mmoja tu hajapimwa."

"Mimi ni mwanaume, sina tatizo!"

"Uliishia elfu moja, Mwalimu."

Ijumaa bibi harusi akaingia, Milioni keshatoka na begi lake. Alilia njia nzima, maana alimpenda yule bwege, na akaendelea kumpenda.

Mwaka ukikaribia kuisha, ujumbe ukaingia: "Nimepimwa. Ni mimi. Daktari anasema sina mbegu, tangu kuzaliwa. Nisamehe Milioni, rudi nyumbani."

Moyo ukamruka. Akapiga palepale. Simu ikapokewa katikati ya vigelegele.

"Kuna nini huko?"

"Mke mdogo... ana mimba. Wameitangaza leo, Mama kaalika mtaa mzima."

Milioni akakaa kitandani.

"Umemwambia Mama majibu yako?"

"Nitamwambiaje? Analia kwa furaha."

"Na mimi nirudi kama nani?"

Kabla hajajibu, sauti ya mama mkwe ikasikika karibu na simu.

"Unaongea na nani kwenye furaha yetu? Ni yule tasa?"

Milioni alibana simu sikioni. Hata sasa alikuwa anamngojea mumewe aseme.

"Ndiyo, Mama," mumewe akajibu. "Ni yeye."